Lamu ya Florida, na mama yangu aliyetaka kurudi kesho yake

Mama alisimama mbele ya ukuta akaupapasa.

Ukuta wenyewe wa rangi ya chokaa kuukuu, plasta imebanduka pembeni, mawe yaonekana, juu yake kuna tangazo la zamani limefifia kwa jua. Ukiuona kwenye picha utasema hii ni Lamu, kichochoro cha nyuma ya ngome. Sisi tulikuwa Florida, karibu na Orlando, ndani ya Animal Kingdom, mojawapo ya paki za burudani za Disney, kwenye kile kijiji ambacho Disney wamekiita Harambe, joto la kupasua kichwa, watu wapita na vigari vya watoto na ndoo za bisi. Mama akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akanigeukia.

"Mwanangu, ndoo uone. Hawa wameujenga mzima, halafu wakaubandua wenyewe."

Akacheka mpaka akashika mbavu.

Mimi nilikuwa nangoja akasirike. Mama kazaliwa Lamu, kaolewa Mombasa, nyumba ya babu yake iliporomoka upande mmoja manake warithi hawakuelewana nani anunue chokaa, na mpaka leo ukilitaja jambo hilo anabadilika sura. Sasa hapa kuna kampuni imelipa mafundi waharibu ukuta kwa ustadi, wapate uzee ule ule ambao sisi tumeupata bure kwa ugomvi na ufukara. Nikasema leo patachimbika. Hapakuchimbika. Alipiga selfi. Tena jioni, miguu imevimba, kavua viatu, kaniuliza kama tiketi ile inafaa na kesho.

Hilo swali limenikaa wiki kadhaa. Naosha vyombo nalifikiria, naendesha gari nalifikiria.

## Hakuna punda

Kwa ambao hamjafika: Animal Kingdom ilifunguliwa Aprili 1998, na waliobuni kile kijiji walikwenda Afrika Mashariki kuangalia, Lamu ikiwa ndiyo kielelezo chao kikubwa. Kuna duka linaitwa Mombasa Marketplace, kuna Tamu Tamu wanauza aiskrimu, kuna Dawa Bar. Barabara ya kule safari yao, Kilimanjaro Safaris, ni zege iliyotiwa rangi ya udongo na kuchorwa alama za matairi, ina mashimo ya makusudi ili lori likurushe. "Barabara ya Garsen walikuwa wanaturusha bila ya tiketi," Mama akasema, kashikilia mtandio.

Mama alikagua kila kitu, kama mtu aliyetumwa na kaunti. Paa hakulikubali, makuti ya kwetu hayafungwi vile, na kweli nilivyokuja kusoma, walioezeka walikuwa mafundi wa Kizulu kutoka Afrika Kusini, na hata si makuti, ni nyasi. Kisha akaona pameandikwa Uhuru 1961. Akaniuliza, sitini na moja ya nani? Sisi tulipata sitini na tatu, hiyo ni ya Tanganyika. Nikamwambia Mama hii nchi haipo, ni ya kubuni. Akaifikiria kidogo. "Basi afadhali wao walitangulia."

Na punda hakuna. Mtu yeyote aliyewahi kukanyaga Lamu anajua punda ndio wenye mji, sisi wengine ni wapangaji. Nikamwonyesha hilo, nikijua sasa nimeipata hoja, na Mama akanijibu:

"Lamu isiyokuwa na mavi ya punda! Ningeipata wapi mimi?"

## Grupu ya familia

Usiku nikaposti picha kwenye grupu. Binamu yangu wa Nairobi, msomi, mtu wa kuandika meseji ndefu zenye aya, akaja moto: hawa watu wameichukua Lamu, wameitoa watu, wameitoa dini, wameitoa shida, wameiweka nyuma ya geti, na nyinyi mmelipa muingie. Shangazi, kweli wewe wa kupigwa picha pale?

Nilimuunga mkono moyoni kwa kila neno. Hayo ndiyo niliyoyataka Mama ayaseme.

Mama akajibu kwa voisi noti. "Mwanangu, Lamu iko. Hivi sasa nimezungumza na dada yangu, yuko barazani kwake. Hakuna aliyeichukua." Kisha akatuma picha ya twiga.

Sasa mimi nikabaki katikati, manake binamu yuko sawa, na Mama yuko sawa, na hizo sawa mbili hazikai chumba kimoja.

## Watu wazima na masikio ya panya

Lakini lililonishangaza zaidi pale Orlando si Harambe. Ni watu wazima. Hawana watoto, hawakuja na wajukuu, mzee ana ndevu nyeupe na kavaa masikio ya Mickey, mkewe masikio yenye kitambaa cha vipande vya kung'aa, wamesimama foleni saa nzima kupiga picha na binti aliyevaa gauni la Cinderella. Marekani hawa wana jina lao kabisa, "Disney adults", na wanachekwa sana mtandaoni, ati hawajakua, ati wanakimbia maisha, ati wanakopa pesa kwenda kukumbatia mtu ndani ya joho la panya.

Mwenzangu mmoja kazini ni wao. Mwanamke wa hamsini na kitu, meneja, hachekicheki, ukichelewesha ripoti anakuangalia tu na unajua. Kila mwaka anakwenda. Watu ofisini wanamteta. Niliporudi nikamuuliza kwa adabu unafuata nini kule, nikitarajia habari za utotoni sijui baba yake sijui nini. Akaniambia: "Pale hakuna mtu anayeniuliza kitu."

Basi. Akarudi kwenye kompyuta yake.

Nikamwelewa zaidi ya nilivyotaka. Mtu mzima kazi yake ni kuulizwa. Bili imelipwa? Mtoto amechanjwa? Mama dawa amekunywa? Na pale kuna mtu ameshaamua kila kitu, pipa la taka liko hatua chache kabla hujalitafuta, njia inakupeleka yenyewe, hata muziki unabadilika ukitoka mtaa huu kwenda ule bila ya wewe kujua ulibadilika saa ngapi. Mama yangu kalea watoto na wajukuu na watoto wa watu, na siku ile nzima hakuna aliyemuuliza chakula kiko wapi.

Sikumwona hivyo tangu nipate akili zangu.

## Mzee wa benchi

Nikaanza kusoma kuhusu Walt Disney mwenyewe, na hapo mambo yakageuka kidogo kichwani mwangu.

Yeye alikuwa akieleza kwamba wazo la Disneyland, paki yake ya kwanza kule California, lilimjia benchini. Jumamosi aliwapeleka binti zake wawili Griffith Park kule Los Angeles wapande farasi wa kuzunguka, wao wanazunguka, yeye kakaa anatafuna njugu, hana la kufanya. Akajiuliza mbona hakuna mahali ambapo mzazi naye anafurahi. Yaani hii kitu tangu mwanzo haikubuniwa kwa ajili ya mtoto aliyeko juu ya farasi. Mtoto ana raha zake tayari. Ilibuniwa kwa ajili ya aliyekaa benchini.

Na huyo wa benchini alikuwa na njaa ya muda mrefu. Utoto wake mzuri ulikuwa miaka michache tu katika mji mdogo wa Marceline, Missouri, halafu mwaka 1911 familia ikahamia Kansas City na baba yake akamtia kwenye kazi ya kusambaza magazeti, anaamshwa kabla ya alfajiri, theluji ya magotini, na baba hamlipi. Alikuja kuwa tajiri, ana studio, ana Oscar za kujaza kabati, na bado akaota usiku kwamba amemruka mteja na baba anamngoja kwenye kona. Disneyland ilipofunguliwa Julai 17, 1955, ana miaka 53, mtaa wa kwanza unaoukanyaga ukiingia getini ni Main Street, na huo ameutoa Marceline. Ghorofa za juu zimejengwa ndogo kuliko za chini ili macho yadanganyike yaone majumba marefu.

Siku yenyewe ya ufunguzi ilikuwa vurugu tupu. Watu waliingia na tiketi za kughushi, mabomba ya maji ya kunywa hayafanyi kazi, lami ilikuwa bado mbichi, visigino vya akina mama vinazama. Vyombo vya habari vikamcheka. Na watu wakarudi kesho yake. Kama Mama.

## Wasomi walikwenda peke yao

Wakosoaji nao hawakuanza jana. Paki ya Paris ilipofunguliwa 1992, Ariane Mnouchkine, mkubwa wa tamthilia Ufaransa, aliiita Chernobyl ya kitamaduni, na maneno hayo yakashika kama moto kwenye makuti. Leo hiyo Chernobyl ndiyo paki inayotembelewa zaidi Ulaya nzima. Kabla yake, mwaka 1981, mwanafalsafa Mfaransa Jean Baudrillard aliandika kwamba Disneyland imewekwa pale ijionyeshe ni ya kubuni, ili watu waamini Marekani iliyobaki nje ya geti ni ya kweli, wakati nayo ni Disneyland vile vile.

Hiyo ya Baudrillard nimeizungusha sana na nadhani ni kali na ni nzuri. Ila nahisi hawa wasomi walikwenda bila ya mama zao. Manake wote wanashika pale pale, kwamba ni feki, kwamba watu wamedanganywa. Nani kadanganywa? Mama aligonga ukuta kabla hajavuka mlango. Yule mzee wa ndevu nyeupe anajua ndani ya Mickey kuna mtu anatoka jasho. Sisi wenyewe bibi akianza hadithi usiku tunaitikia, hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tunauita uongo kwa jina lake, aje akae nasi. Halafu tunalala.

Kwa hivyo "ni feki" si ukosoaji, ni maelezo tu.

## Bibi yangu, Banu Saada

Hapa ndipo Mama alipoingilia tena. Nilimwambia kwa simu, nikasema Mama hawa wazungu watu wazima kuvaa mavazi ya kifalme na kuandamana barabarani, si ni ajabu? Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwani bibi yako alikuwa akifanya nini?"

Nilisahau kabisa. Bibi alikuwa mtu wa lelemama, ngoma ya wanawake, chama cha Banu Saada, na mahasimu wao Ibinal Watan. Wenye umri wanajua. Na kabla ya hapo na pamoja na hapo kulikuwa na beni, ngoma ya kuiga jeshi, Mombasa na Lamu mpaka Tanga na Dar, watu wazima na heshima zao wana makundi hasimu kama Kingi na Skochi, wana bendi, wana vyeo vya jeshi la Mwingereza na unifomu za kushonwa, mchana mtu ni karani au mchukuzi bandarini, na siku ya ngoma ni jenerali na anapigiwa saluti. Hakuna aliyedhani yeye ni jenerali kweli. Na kulikuwa na wakosoaji! Masheikh wakikemea, waume wakilalamika, serikali ya kikoloni ikiwaangalia kwa wasiwasi, na maneno yalikuwa haya haya: wanafuja mali, wameacha ya maana, watu wazima hawana haya.

Bibi aliuza bangili kwa ajili ya ngoma moja. Mama anaisimulia bila ya kulaumu.

Sasa hebu nitazameni mimi. Nimekulia Mombasa, nimeona Idi kiwanja cha Makadara kimejaa bembea na watoto, na wakubwa tumesimama pembeni tunashika pochi na viatu. Ngoma za wakubwa zilishakwisha nilipozaliwa, zilizobaki zimekuwa za kuonyesha wageni. Nikakua nikijua mtu mzima haruki. Kumbe si desturi ya kale, ni ya juzi juzi tu. Yule meneja wangu anatafuta kitu ambacho bibi yangu alikuwa nacho mtaani kwake, kwa bangili moja.

## Sasa, bei

Tofauti ni kwamba bibi aliushona uongo wake mwenyewe. Yeye na wenzake walikaa, wakachanga, wakagombana rangi ya kitambaa, wakatunga nyimbo za kuwasimanga wenzao. Hapa unaununua umeshashonwa, na kila mwaka anayeuza anakata kipande anakiuza mbali.

Mwaka 1971 walipofungua paki yao ya kwanza pale Orlando, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3.50, na michezo ukalipia kando. Tangu 2024 tiketi ya siku moja ya Disneyland ya California, zile siku za msongamano mkubwa, imepita dola 200. Kulikuwa na FastPass tangu 1999, unajiwekea zamu bure, unarudi saa yako. Corona ikaja wakaisimamisha, 2021 wakairudisha kwa jina jingine na ya kulipia. Kwa hivyo sasa unalipa kuingia, na ukishaingia unalipa usingoje, na asiyeweza anasimama juani akiwaangalia wanaopita pembeni yake. Hii kwangu ndiyo feki ya kweli. Lile benchi la Griffith Park lilikuwa la yeyote aliyepita.

Na kuna waliomo ndani. Tulimkuta kijana kaunta, beji yake imeandikwa jina na alikotoka, Afrika Kusini. Mama kaona Mwafrika, kijiji kinaitwa Harambe, kafurahi, kamvamia kwa Kiswahili, hujambo mwanangu, habari za kazi, wazazi hawajambo? Kijana kwa bashasha yote: "Jambo! Jambo!" Mama anangoja la pili. La pili halipo. Ikabidi nitafsiri, na Mama maswali yake yalikuwa mawili tu, kwamba amekula, na atarudi kwao lini. Akasema mkataba ukiisha. La kwanza akalicheka tu.

Mwaka 2018 kulifanyika utafiti kwa wafanyakazi wa Disneyland ya California kupitia vyama vyao, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alisema amewahi kukosa makazi ndani ya miaka miwili iliyotangulia. Kampuni iliupinga. Lakini Abigail Disney, ambaye babu yake Roy ndiye aliyeianzisha kampuni pamoja na ndugu yake Walt, alitoa filamu 2022 kuhusu wafanyakazi hao hao. Mtu wa ndani ya familia! Nikisoma hayo namkumbuka yule kijana na kicheko chake, na hapo hamu ya kumtetea mzee wa benchi inanipungua sana. Binamu nilimtumia hizo habari, akajibu "si nilikwambia," na hakuniambia hayo, yeye aliniambia ya ukuta, lakini nikamwacha.

## Na baada ya harusi?

Filamu zao nazo. Tulimwekea Mama ile ya Cinderella ya 1950 hotelini pamoja na binti yangu. Akaipenda, panya hasa. Ilipoisha akauliza, "Na baada ya harusi?" Nikasema ndio mwisho. "Mwisho? Hapo si ndio yanaanza?"

Watu wengi wanalalamika Disney wamezilainisha hadithi, na ni kweli, kwa ndugu Grimm wale dada wa kambo wanajikata, mmoja kidole cha mguu na mwingine kisigino, kiatu kiwatoshe na mwisho njiwa wanawatoboa macho. Lakini mimi damu sina haja nayo. Na hata Grimm wenyewe walilainisha, kutoka chapa hadi chapa mama mzazi mwovu akageuzwa kuwa wa kambo. Alichokishika Mama ni kingine, akamgeukia mjukuu wake akamsimulia ya Sultani Darai, ambayo Steere, mmisionari Mwingereza, aliiandika Zanzibar na kuichapisha 1870 na bibi zetu walikuwa nayo kabla yake. Maskini Haamdani anachakura jaani, anapata thumni, ananunua paa, yule mnyama wa porini. Paa anasema, paa anamtafutia mke binti wa sultani, anaua nyoka wa vichwa saba, anampa jumba. Hadi hapo ni Disney kabisa, hata mnyama anayezungumza yuko. Kisha paa anaugua, na Haamdani keshakuwa bwana mkubwa, anaamuru apewe uji wa mtama mbovu. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Usiku mke anaota yuko kwao kwa baba yake, na mume anaota yuko jaani anachakura. Kunapambazuka, na ndivyo ilivyo.

Binti yangu alilia. Mimi nikaudhika, nikamwambia Mama huyu ni mtoto na tumemleta huku afurahi. Mama akasema wewe nilikusimulia ukiwa mdogo kuliko yeye na hukufa. Tukabishana pale mpaka mtoto mwenyewe akalala. Yeye asema raha isiyoweza kuondoka haina ladha, mtu lazima ajue paa anaweza kufa ili amlishe vizuri. Mimi nasema dunia itamfundisha hilo hata nisipomlipia, basi acha awe na mahali pamoja ambapo harusi inakwisha vizuri. Hatujakubaliana. Ni ajabu kidogo, kwamba yeye ndiye aliyepapenda pale kupita sote, na yeye ndiye asiyewasamehe kwa kumalizia hadithi njiani.

Mama karudi Mombasa. Juzi kapiga, kuna mpwa wake yuko Ufaransa kamwambia kule nako kuna Disney, akaniuliza tiketi ngapi. Nikamtumia bei. Akajibu kwa voisi, Subhanallah, pesa hizo si za halali. Kisha ikaingia voisi ya pili, anauliza kama wazee wana punguzo.